Boti ya jioni kando ya matete ya Bukavu: uzoefu wangu

Ndugu na marafiki wananiuliza kama ile safari ya boti ya jioni hapa Bukavu, kwenye Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, inastahili pesa yake. Nasema ndiyo, inastahili, ila si kwa sababu ile wanayoitangaza wenye boti. Wao wanauza jua likizama. Jua linazama vizuri, hilo sikatai, lakini ukikaa kwenye baraza yenye uwazi kule Muhumba au Nguba utaliona bila kulipa hata franka moja. Cha kulipia ni ule muda wa kabla ya hapo, boti inapoingia polepole kando ya matete na nahodha akazima moteri.

Nilikwenda na mama mkubwa, aliyepanda kutoka Uvira kuja kutusalimia, pamoja na watoto wawili wa dada yangu. Boti yenyewe ni ya mbao, ndefu kiasi, ina mabenchi ya kukaa wawili wawili, turubai juu na moteri ndogo nyuma. Tulipatana dola kumi kwa mtu mzima na watoto nusu yake. Franka wanapokea pia, ila patana nao kiwango cha kubadilisha ukiwa bado nchi kavu. Na kama unalipa dola, beba noti safi. Jamaa mmoja katika kundi letu alitoa noti iliyochanika kidogo pembeni ikarudishwa palepale, tukasimama kungoja mpaka mwenzake akamkopesha nyingine.

Sasa gile, yaani jaketi za kuokoa maisha majini, maana hili ndilo la kwanza. Oktoba 2024 boti iliyokuwa ikitoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku kule Goma, watu wakiiona kutoka ufukweni, na makumi ya abiria wakapoteza maisha. Mtu wa Kivu hawezi kuingia kwenye boti tena bila kuliwaza hilo. Kwenye boti yetu gile za wakubwa zilikuwepo, nzima, zenye mikanda inayofunga. Za watoto hazikuwepo. Kijana wa pale akataka kumvalisha mdogo wetu gile ya mtu mzima, ikamfika magotini na mabega yakapwaya. Mtoto akianguka majini na gile ya namna hiyo, inampanda kichwani yeye anachomoka chini. Nikakataa kupanda. Hawakukasirika, nawapa haki yao, lakini ilibidi kijana atumwe kwa jirani mwenye boti nyingine, akarudi na gile mbili ndogo zenye vumbi. Tuliahidiwa kuondoka saa kumi na nusu. Tuliondoka saa kumi na moja kasoro kidogo. Dakika hizo zinauma, kwa sababu zinakatwa kwenye sehemu iliyo bora. Jua la huku halikungoji: saa kumi na mbili na dakika chache limeshaingia nyuma ya milima ya Kabare, na baada ya hapo giza linashuka haraka.

Asiyeijua Bukavu aelewe kwamba mji umejengwa juu ya rasi zinazoingia ziwani, na katikati ya rasi kuna vighuba vya maji matulivu. Sehemu kubwa ya ufuko imeshachukuliwa na nyumba na kuta za mawe zinazoshuka mpaka majini. Ila penye matope, penye kijito kinachoingia, pamebaki vipande vya matete na mafunjo. Si bwawa kubwa la kusema utapotea humo. Ni mkanda tu, mahali pengine upana wake hauzidi nyumba chache, lakini uhai ulio ndani yake ni mwingi kuliko unavyodhani ukipita barabarani juu.

Tulipokaribia, nahodha, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, alizima moteri akachukua kafi. Kelele ilipoisha ndipo tuliposikia ndege. Wale wafumaji wa manjano walikuwa wengi, viota vyao vimening'inia kwenye ncha za matete juu ya maji, mlango ukiangalia chini. Ndege akifika anajitupa kwa chini na kuingia, tete lote linainama mpaka unaona kiota kitagusa maji, kisha linarudi. Watoto walianza kuhesabu viota wakakosana, wakaanza upya.

Halafu mdiria, yule mweusi kwa mweupe. Huyu ndiye aliyenifanya niandike. Alikuwa amesimama hewani juu ya maji, hatua chache kutoka kwetu, mabawa yakipiga kwa kasi, mwili wima, mdomo umeelekea chini, na kichwa hakitikisiki hata kidogo. "Mama, tunyamaze kidogo, sasa anashuka," mzee akamwambia mama mkubwa kwa sauti ya chini. Akashuka kweli, moja kwa moja kama jiwe. Akatoka na kisamaki chenye kung'aa, akatua kwenye mti uliolala majini, akakipigapiga kushoto na kulia mpaka kikatulia, akakigeuza kichwa mbele, akameza. Boti nzima ilikuwa kimya, hata wale vijana waliokuwa wameweka muziki kwenye simu walikuwa wameuzima bila kuambiwa. Mbele kidogo tulikuta yangeyange wakirudi kulala, na mnandi mmoja amesimama juu ya mti mkavu, mabawa wazi, anajikausha.

Mama mkubwa yeye macho yalikuwa kwenye maji. Amekulia Uvira, karibu na pale mto Ruzizi unapomwaga maji Ziwa Tanganyika, na kwa watu wa kule matete maana yake ni kiboko na mamba. Akauliza mara ya kwanza, akauliza tena. Mzee akamjibu kwa heshima: "Hapana mama, hapa hakuna mamba. Hao ni wenu wa kule chini." Na ndivyo ilivyo. Mto ni uleule mmoja: unatoka kwenye ziwa letu hapahapa Bukavu, unashuka kutoka mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 770 kule Tanganyika. Njiani kuna makorongo na maporomoko. Mama mkubwa alifurahi kusikia kwamba anakaa juu ya maji ambayo baadaye yatapita karibu na nyumba alikozaliwa. Toka hapo aliachilia ule mkono aliokuwa amekaza kwenye benchi, akaanza kuwaeleza watoto habari za viboko wa Uvira, mpaka mzee naye akasogea kusikiliza.

Mtoto mkubwa akauliza kuhusu gesi ya ziwani, kama haitatudhuru, jinsi watoto wote wa Kivu wanavyouliza siku hizi. Ni kweli chini ya Kivu kuna gesi nyingi iliyoyeyuka majini, methani na kaboni dioksidi, na upande wa Rwanda, kule Kibuye, tangu 2016 wanaivuta methani na kutengeneza umeme. Lakini gesi hiyo imelala kwenye vilindi vya ziwa kuu, mamia ya mita kwenda chini, kule ambako ziwa linakaribia mita 480. Ghuba la Bukavu ni la kina kidogo ukilinganisha na huko. Mzee alimjibu kifupi kwamba yeye ameanza kuvua hapa akiwa mdogo kuliko mtoto huyo, na mtoto akaridhika.

Sasa niseme jambo lililoniumiza. Ndani ya matete kumejaa plastiki. Chupa, mifuko, kandambili, vipande vya godoro. Kuna mahali kafi ilikuwa inasukuma chupa badala ya maji, na tuliona kiota cha ndege kimefumwa pamoja na uzi wa mfuko wa bluu. Uchafu huu haukutoka ziwani. Umetoka kwetu juu: mvua ikinyesha, mto Kawa na mitaro ya Kadutu na Ibanda inashusha kila kilichotupwa. Matete yanajaribu kukishika, kama yanavyoshika udongo unaomomonyoka kwenye vilima vyetu, na kinachoyapita kinafuata maji mpaka kwenye bwawa la Ruzizi la kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ambapo taka zinaziba mitambo na mji mzima unakosa umeme. Tunaulalamikia umeme kila siku, na chupa tumetupa sisi wenyewe. Nilitamani wenye boti wangebeba wavu mmoja mdogo na gunia. Kila safari ikitoka na gunia moja tu, kwa mwaka ingeonekana, na abiria wangesaidia kwa moyo. Watoto wetu walishaanza kuinama kuokota mpaka nikawavuta nyuma kwa sababu ya usalama.

Kutoka kwenye matete, moteri ikawashwa tukaelekea nje ya ghuba kwa ajili ya jua. Hapo sina mengi. Linashuka upande wa Kabare, milima inageuka ya bluu iliyokolea, na mwanga wa mwisho unabaki kwenye vilima vya upande wa pili, kule Kamembe, Rwanda, muda kidogo baada ya Bukavu kuingia kivulini. Kila mtu alipiga picha. Picha zangu ni za kawaida.

Kilichofuata ndicho ambacho hakuna aliyetuambia tutakiona, wakati kingepaswa kuwa cha kwanza kwenye tangazo: wavuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, wakitoka. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja ubavu kwa ubavu, miti mirefu imetokeza mbele na nyuma kwa ajili ya kushikilia wavu, na taa tayari kwa kuwavutia samaki usiku. Wanapiga kafi kwa wimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na kafi zote zinaingia majini kwenye kiitikio. Walipita karibu nasi kiasi cha kuona jasho, mmoja akampungia mkono mama mkubwa, naye akawaitikia wimbo wao bila kuujua maneno. Sambaza hawa wenyewe ni wageni waliopata makao: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni mboga ya kila nyumba hapa. Mzee alituambia kwamba wadogo wao hukaa karibu na ufuko kabla ya kwenda maji makubwa. Ukiyakata matete kwa ajili ya kujenga ukuta, umegusa na sahani.

Ukitaka kuwaona wavuvi, usiende siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa zao hazina nguvu, samaki hawakusanyiki, na wengi wanabaki nyumbani kushona nyavu. Chagua siku za giza. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, hewa ina vumbi na moshi, jua linakuwa jekundu na kubwa na milima inafifia. Miezi ya mvua hewa ni safi sana baada ya kunyesha, ila upepo unaweza kuinuka ghafla. Mzee akikwambia leo hapana, mwamini, usibishane naye kwa sababu umeshavaa. Na kwa hali ya usalama ya mji wetu ilivyo, uliza asubuhi ya siku yenyewe kama kwenda ziwani jioni kunaruhusiwa. Beba koti. Watu wanadhani kwa sababu ni ziwa kutakuwa na joto, kumbe jua likishaingia baridi inapenya mpaka mifupani, na mama mkubwa, mtu wa Uvira, aliikuta ya kwake: tulimfunika vitenge viwili.

Kurudi ndiko kulikonipunguzia furaha. Tulirudi gizani, na boti ilikuwa na tochi moja ya mkononi aliyoishika yule kijana mbele. Kuna mitumbwi midogo inayovuka bila taa yoyote, na mara moja ilibidi mzee akate kona kwa nguvu. Hakuna aliyeumia, wala sidhani alikuwa mzembe, ameijua njia. Lakini taa mbili za betri, moja mbele na moja nyuma, hazifiki hata bei ya safari moja ya kundi letu. Kushuka pia ni kwa kuruka juu ya mawe yenye utelezi. Tulimshika mama mkubwa huku na huku. Ubao mmoja mpana ungetosha.

Basi kama ni nyota, nampa mzee na kafi yake tano kamili, na huduma yenyewe tatu. Ukienda, sema mapema, kabla ya kulipa, kwamba unataka muda mrefu kwenye matete na moteri imezimwa, na kwamba uko tayari kupunguza muda wa kuzunguka rasi. Kwa bei ileile wanakubali. Kama una watoto, piga simu siku moja kabla ya kwenda uhakikishe gile za saizi yao zipo, na ukifika zivalishe mwenyewe, uvute mkanda wa chini. Mwenye boti nilimweleza habari ya gile na taa tulipokuwa tunalipa salio. Alisikiliza vizuri, akasema gile za watoto atanunua mwezi huu. Dada yangu anataka kwenda na wenzake wa kanisani. Nimemwambia aulize hilo kwanza, ndipo azungumzie bei.