Chambo bandia cha sangara kwa anayeanza: ununue kipi kwanza Mwanza

Ukiwa na hela ya chambo bandia kimoja tu, nunua samaki wa mpira mwenye kichwa cha madini ya risasi, urefu wa sentimita 10 hadi 12, uzito wa gramu 20 hadi 30. Ukipata hela ya cha pili, chukua kisamaki kigumu chenye mdomo wa kuzamia, kile ambacho wengi hukiita rapala hata kikiwa cha kampuni nyingine. Vingine vyote visubiri. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi wanaanza mchezo huu kwa kuagiza boksi zima la vyambo vya rangi rangi, bei inavutia kweli, na ndani yake hakuna hata kimoja cha kumtoa sangara wa kilo tano majini.

Boksi hizo nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya besi, samaki wa maji baridi wa Marekani ambaye Afrika Mashariki anajulikana zaidi Naivasha, Kenya, alikopandikizwa. Besi wa kilo mbili ni samaki wa kupiga naye picha. Sangara wa kilo mbili bado mdogo, na ana kichwa kigumu, mfuniko wa shavu wenye miiba inayokata uzi, na meno madogo yaliyojaa mdomoni kama msasa. Ndoano nyembamba ya besi hunyooka mdomoni mwake.

Kwa hiyo ukishika chambo dukani, usianze na rangi. Anza na ndoano. Ishike kwa vidole viwili na ujaribu kuifungua. Ikikubali kwa nguvu ya vidole tu, hesabu gharama ya kuibadilisha au kirudishe. Kisha angalia ile pete ndogo inayounganisha ndoano na mwili: ukiona mwanya kati ya zile duru mbili za waya, itafunguka siku ya samaki mkubwa. Mwisho tazama mdomo wa plastiki. Uliomwagwa pamoja na mwili ni mzima. Uliochomekwa na kugundishwa utaubakiza kwenye mawe ya Capri Point.

Kuhusu ukubwa, Ziwa Victoria lenyewe linajibu. Sangara aliletwa hapa miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, hadi wakapungua vibaya miaka ya 1980, kisha akageukia uduvi, dagaa na hata watoto wake mwenyewe. Furu wamerudi kwa kiasi, na wavuvi wetu wa ndoano bado huwatumia kama chambo hai. Dagaa ni mdogo, furu wengi ni wa ukubwa wa kidole au zaidi kidogo. Chambo cha sentimita 10 kinafanana na chakula anachokiona kila siku, na bado kina uzito wa kurushwa mbali.

Na huo umbali si suala la kujionyesha. Ufuo mwingi wa Mwanza una kichocho, na sehemu nyingine zina mamba na viboko. Kuingia maji ya magotini ili chambo kifike ni kosa. Simama juu ya jiwe kavu, acha uzito ufanye kazi hiyo. Chini ya gramu 15 utahangaika, hasa mchana upepo unapotoka ziwani na kukupiga usoni. Alfajiri kwa kawaida upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na hapo hata chambo chepesi kinasafiri.

Sasa mpangilio wangu.

Wa kwanza, kama nilivyosema, ni samaki wa mpira mwenye mkia mpana. Sababu kubwa ni kwamba unanunua vitu viwili tofauti: mwili na kichwa. Miili mitano na vichwa vitatu vya uzito tofauti vinakutosha kwa maji ya aina karibu zote. Kwenye mawe ya Igombe au Kayenze unatumia kichwa chepesi ili kisizame haraka. Penye kina unafunga kizito. Kikinasa, unapoteza sehemu ya bei ndogo. Halafu kuna magugu maji. Jioni, baada ya upepo wa mchana kuyasukuma ufukweni, vyambo vyenye ndoano za meno matatu havifai kabisa; kila mrusho unarudi na fungu la majani. Hapo unatumia ndoano moja kubwa iliyopinda, ncha unaificha ndani ya mgongo wa mpira, unarusha pembeni mwa magugu na kukiacha kishuke kwenye kivuli. Sangara akibana, mpira unabonyea na ncha inatokeza. Hakuna chambo kingine katika orodha hii kinachoweza hivyo.

Namna ya kukitumia: kikitua, hesabu moja, mbili, tatu hadi uzi ulegee. Hapo kimegusa chini. Mrusho unaofuata acha kabla ya kufika hesabu ile, anza kuvuta polepole, na kila baada ya mizunguko michache ya rili simama kidogo. Mara nyingi sangara hupiga pale kinapoanza kuanguka tena, kwa hiyo usilegeze macho kwenye uzi.

Wa pili ni kisamaki kigumu chenye mdomo. Lauri Rapala, mtu wa Finland ambaye jina lake ndilo hilo la rapala, alichonga cha kwanza mwaka 1936 kwa kuiga samaki mdogo aliyejeruhiwa anavyoyumba, na hadi leo kinauzwa kwa sababu ya kuyumba huko. Nunua kinachoelea, si kinachozama. Kwa anayeanza hii ndiyo tofauti kati ya kukipata na kukipoteza: mdomo ukigonga jiwe, acha kuvuta, kitapanda chenyewe na kurudi nyuma. Mdomo mfupi hushuka mita moja au mbili, unatosha ukiwa ufukweni. Mdomo mrefu ni wa kukokota nyuma ya mtumbwi. Bei yake ni kubwa, ndiyo maana hakikushika nafasi ya kwanza, na ndoano za kiwandani mara nyingi unazibadilisha.

Wa tatu ni kijiko cha chuma. Kinaruka mbali kuliko vyote, kinapenya upepo, na fundi yeyote mwenye drili anaweza kukutengenezea kutoka kijiko cha stenlesi: anakata mpini, anatoboa matundu mawili, unaweka pete na ndoano. Ningekipandisha juu kama Mwanza ingekuwa na fukwe za mchanga tu. Kwenye mawe kinazama na kujichomeka. Kitumie sehemu ya wazi, maji yenye mwanga, au ukiwa kwenye mtumbwi.

Wa nne, chambo cha juu ya maji, kile chenye mdomo uliochimbika kinachotema maji kikivutwa. Kina raha yake, nakubali, na kwenye utulivu wa alfajiri sangara akipanda kukifuata hutasahau. Lakini kinafaa kwa saa chache tu za siku, tena ziwa likiwa limetulia. Wa tano ni chambo chenye bapa linalozunguka. Vidogo vyake ni vyepesi mno kwa ziwa hili, na waya wake hupinda. Usinunue bado.

Rangi nimeiacha hadi hapa makusudi. Maji ya Ghuba ya Mwanza mara nyingi ni ya kijani kwa mwani, na mvua zikinyesha mito kama Mirongo huleta tope. Rangi ya fedha inayong'aa haionekani humo. Chukua cheupe kisichong'aa, njano kali inayoelekea kijani, au cheusi kwa ajili ya machweo, maana sangara akitazama juu anaona umbo tu. Katika maji kama hayo mtikisiko una uzito kuliko rangi. Sangara anauhisi kwa mstari wake wa ubavuni, na mkia mpana wa mpira unautoa vizuri. Ukienda Ukerewe au Ukara, maji ni safi zaidi, na huko rangi ya fedha yenye mgongo wa bluu au kahawia inafanya kazi yake. Rangi mbili zinatosha mwaka mzima: moja ya maji machafu, moja ya maji safi.

Kwa mwenye mtumbwi, jambo moja kabla hajanunua vyambo vizito vya kina kirefu. Ziwa hili lina kina cha mita 80 hivi penye kina zaidi, lakini katika miezi ya joto na mvua maji ya chini kabisa hupungukiwa hewa, na sangara havumilii hali hiyo. Hupanda juu yake. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huyachanganya maji, na samaki wanaweza kushuka tena. Chambo cha kufika chini kabisa mwezi Februari kinaweza kupita mahali pasipo na samaki.

Chochote utakachonunua, bakiza hela ya kipande cha nailoni nene cha kuunganisha uzi na chambo, urefu wa mita moja na nusu, unaobeba kilo 25 au zaidi. Bila hicho chambo kizuri unampa sangara bure. Nunua pia koleo ndefu. Sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa, na leseni ya uvuvi unatakiwa kuwa nayo. Kwa hiyo utarudisha samaki wengi wadogo. Kwenye vyambo vyenye ndoano mbili za meno matatu, toa moja na uweke ndoano ya jino moja yenye unene wa kutosha, kisha bonyeza kijipembe chake, kile cha nyuma ya ncha kinachozuia ndoano kuchomoka, kwa koleo kilale. Samaki mdogo atachomoka haraka akiwa bado majini, na kidole chako kitapona.