Bastola ya "akina mama" ilinishinda: uzoefu wangu na Glock 43, CZ 75 na Glock 19

Nanunua mahindi Kibaigwa nauza Dodoma mjini, na msimu ukichanganya natembea na fedha taslimu nyingi kuliko ninavyopenda. Habari ya kibali cha bastola sitairefusha: unaanzia kwa mtendaji wa kata, unapanda kamati hadi kamati mpaka polisi, na subira yako itapimwa. Hapa nataka kuongelea bastola yenyewe.

Muuzaji aliniangalia mara moja tu, akanitolea Glock 43. "Hii ndogo ndiyo ya akina mama." Kweli inapendeza. Bila magazini, kile kikasha cha risasi, haifiki nusu kilo, inabeba risasi 6 na inapotelea kwenye mkoba. Bahati yangu, mwanajeshi mstaafu aliyenifundisha kulenga alinizuia kulipa kabla sijaipiga.

Risasi ya kwanza nilidhani nimechapwa fimbo kiganjani. Risasi yake ya milimita 9 ni ileile ya bastola kubwa. Kilichopungua ni uzito wa kuituliza, kwa hiyo teke lote linaishia mkononi. Kidole changu cha mwisho hakikupata pa kushika. Ya tatu ganda likakwama, nikaanza kuilaumu bastola.

"Bastola haina kosa, mama," afande akasema. "Umelegeza kifundo. Mkono ukirudi nayo nyuma, inakosa nguvu ya kutema ganda."

Akanipa CZ 75, chuma kitupu, kama kilo moja. Hiyo ilitulia, sitanii. Ila risasi ya kwanza, kama hukukoki nyundo, triga, ile ya kufyatulia, iko mbali na ni nzito. Kidole changu hakikuifikia mpaka niizungushe bastola kiganjani. Nikawa natupa risasi zote kushoto kwa shabaha.

Kipimo cha bastola inayokutosha mkono ni hiki, bastola ikiwa tupu na umehakikisha kwa macho na kwa kidole: ishike juu kabisa ya mpini, mtutu unyooke na mkono wako hadi kiwiko. Halafu angalia tumbo la kidole cha shahada linafika wapi. Likitua kwenye triga bila wewe kuhangaika, inakutosha.

Glock 19 toleo la nne ndiyo iliyonitosha. Mgongo wa mpini unabadilishwa, tukabaki na ule mwembamba. Risasi 15, gramu 600 hivi bila magazini. Kukoki kulinitoa jasho, hadi nilipojifunza kuusukuma mpini mbele kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umekaza chuma cha juu. Haina kitufe cha usalama cha pembeni, kwa hiyo kidole kinakaa nje ya triga hadi uamue kupiga, na ala, yaani mfuko wa bastola, lazima iifunike triga yote. Kuitupa mkobani pamoja na funguo ni wazimu.

Kasoro yake, haifichiki chini ya blauzi. Navaa koti Kibaigwa saa saba mchana, na wapagazi sokoni wameshazoea kunisalimia, "Mbukwenyi mama, homa bado haijaisha?"