Nimelipia masomo ya shabaha Mombasa, nikauziwa maneno

Sitaji jina la mwalimu wala la uwanja, lakini hasira ninayo na hapa nitaitoa. Pesa nilizolipa ni za jasho, na kauli niliyotupiwa mbele za watu bado haijanitoka moyoni.

Mume wa dadangu anaishi Uskoti, upande wa Inverness, na alinialika tukawinde ayala. Hapa Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo mtu wa rika langu akitaka kujifunza bunduki kihalali atajifunza kwa kulenga karatasi. Nikaona heri niende kwa mwalimu mapema, kabla kusi haijatulia. Maswali yangu yalikuwa mawili tu: nitumie risasi ya kaliba gani, yaani ya aina na ukubwa gani, na bunduki iwe ya namna gani, ile ya kukoki kwa mkono kila baada ya mlio au ile inayojipakia yenyewe. Mtu anayejiita mtaalamu angenijibu tumesimama pale pale mlangoni.

Na baada ya masomo ya mwanzo nilimfafanulia ninachokitaka. Mie ni Muislamu na nyama ile nataka kuila. Nikisema Bismillahi nikafyatua, nataka mnyama aanguke kwa jeraha la risasi, au nimfikie angali na uhai nimchinje. Kumvunja mguu akatokomea na kwenda kufa porini kwa mateso, hilo silitaki, na sidhani kuna mwenye imani analitaka, awe wa dini gani. Kwa hivyo bunduki ninayoitafuta mie ni ile itakayopeleka risasi pale nilipolenga, nyuma kidogo ya bega, kwenye mapafu na moyo. Ukubwa wa mngurumo haunihusu.

Hata sijamaliza maneno, kashafungua kabati. "Mzee, wewe chukua hii. .300 Winchester Magnum. Ukimpiga nayo, hata ukimkosa moyo, atalala tu."

Hata ukimkosa moyo! Mwalimu wa shabaha ndiye anayesema hivyo. Nikajua baadaye kwamba bunduki yenyewe ilikuwa ya mteja wake mmoja anayetafuta mnunuzi, na mwalimu ana chake humo.

Wacha niseme jambo ambalo yeye ndiye aliyepaswa kuniambia. .308 Winchester ya 1952, .30-06 ambayo jeshi la Marekani liliianza 1906, na hiyo .300 ya 1963, zote tatu zinarusha risasi ya unene ule ule. Kinachotofautiana ni ganda na baruti iliyomo. Baruti ikizidi, mwendo unazidi, na teke begani, yaani bunduki inavyokurudia nyuma, linazidi pia: ukilinganisha na .308, teke la .300 ni kama mara moja na nusu kwa bunduki za uzito mmoja. Baruti hiyo ya ziada ina faida kwa mtu anayepiga mbali sana. Ayala wa Uskoti hupigwa kwa kunyemelewa, mara nyingi chini ya mita 200. Sasa teke lote hilo la nini?

Na teke si maumivu ya bega tu. Mwili unajifunza kuogopa. Macho yanafumba kabla ya mlio, kidole kinavuta kwa pupa, mtutu unayumba, risasi inakwenda kando. Hili linampata kila binadamu, askari au raia, na dawa yake inajulikana: mwanafunzi aanze na bunduki nyepesi, apande taratibu. Yeye alinilaza chini na .300, hata kitambaa cha kuweka begani hakunipa. Matundu yakatawanyika karatasi nzima. Nikamwambia kwa adabu, "Mwalimu, naomba nijaribu ile .308 pale."

Akawageukia vijana waliokaa kwenye benchi. "Hawa watu wa Mji wa Kale mikono yao imezoea kikombe cha kahawa na kipande cha halua. Bunduki tuachieni wenyewe."

Wakacheka. Mimi nina wajukuu. Marehemu babangu alipasua mbao za majahazi katika mji huu mpaka uzee ulipomzuia, na mkono wake ukiushika ulikuwa mgumu kuliko kitako cha bunduki yoyote iliyomo katika kabati lile. Mtu anaweza kuniambia sijui kulenga, nitajifunza, ndiyo nimemlipa. Lakini kunitukania watu wangu wote kwa sababu sikununua bidhaa yake, hapana. Wallahi nilikusanya vitu vyangu na nusu ya saa yangu ilikuwa bado.

Ngojeni, maana hilo la kaliba ni dogo. Kwenye swali la pili angeniponza hasa. Alinisifia bunduki za kujipakia zenyewe, eti ukikosa ya kwanza, ya pili inafuata papo hapo, na akanishauri shemeji anitafutie mojawapo huko huko. Uingereza, Uskoti ikiwemo, baada ya mauaji ya Hungerford ya 1987, ilipitisha sheria mwaka uliofuata kuzipiga marufuku raifoli za kujipakia, isipokuwa zile ndogo za .22. Yaani shemeji yangu angeulizia kitu cha kumpeleka jela, kwa ushauri niliolipia Mombasa.

Na wala hakukuwa na haja ya kununua chochote. Nilipompigia shemeji simu kumweleza habari za .300, alishangaa. "Bunduki ya nini, shemeji? Wewe njoo na viatu vya matope." Mgeni kule anaruhusiwa kutumia bunduki ya shamba analowindia, mradi awe na mwenye shamba au mfanyakazi wake pembeni. Ukitaka kuingia na yako, mwenyeji wako aliyeko huko ndiye anayekuombea kibali cha polisi. Mwalimu wangu alikuwa tayari nilipe mamia ya maelfu ya shilingi bila kuniuliza kwanza kama nitahitaji.

Basi nikaenda. Yule mzee wa shambani, kabla hatujapanda mlimani, alinitaka nilenge shabaha kwanza aone mkono wangu. Hawampeleki mtu kwa mnyama bila hivyo. Akanipa .308 ya kukoki kwa mkono, mdomoni ina kizuia mlio, kitu cha kawaida kabisa kule, na kinapunguza teke pia. Sheria yao inataka risasi ya ayala mwekundu itoke na nguvu isiyopungua futi-paundi 1,750, na .308 inaipita hiyo kwa nafasi kubwa. Hata .243, kaliba ndogo zaidi ambayo mwalimu wangu aliiita ya watoto, inafika ukichagua risasi inayofaa.

Ile ya kukoki kwa mkono nimeipenda, na sitabadili kauli hapo. Mtindo wake wa msingi ni ule wa Mauser, bunduki ya Kijerumani ya 1898, na bado watu wanauiga. Unaivuta bolti, kile chuma cha kukoki, nyuma, mwenzako anaona kwa macho yake kwamba chumba cha risasi ni kitupu, mnavuka ua bila wasiwasi. Mvua inanyesha, matope yamejaa mikononi, nayo inafungua na kufunga. Na kwa kuwa unajua ya pili haiji yenyewe, unatulia juu ya ile ya kwanza.

Tulitambaa kwenye majani yaliyolowa, upepo ukitupiga usoni ili harufu yetu isimfikie. Dume lilikuwa limesimama ubavu. Nikatia Bismillahi, nikafyatua. Likapiga hatua chache likaanguka, na tulipofika lilikuwa limekwisha. Nyama kule ni mali ya shamba, tukainunua, dadangu akaipika pilau.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma kuliko matusi. Pale nimelala, kabla ya mlio, nilitoa pumzi nusu, nikasubiri, nikabana kidole polepole bila kukivuta. Nani alinifundisha? Ni yule yule. Siku za mwanzo, kabla hajanusa biashara, alinifundisha kulala, kuweka viwiko, kuegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, kupumua, na alifundisha vizuri mno, kwa subira. Nilikuwa nimeshaamua kumpa sifuri. Siwezi kumpa sifuri, nitakuwa nadhulumu, kwani mnyama yule hakuteseka na mafunzo yake yamo.

Nikaona basi nimwandikie kwa upole, anirudishie pesa za masomo yaliyobaki, tuyamalize. Akanijibu kwa picha ya kikombe cha kahawa. Hakuongeza neno.

Kwa hivyo nyota mbili nilizotaka kumpa nazipunguza, ibaki moja, na hiyo moja ni ya pumzi na viwiko. Ukienda kwake, lipa somo kwa somo, usilipe ya mbele hata akikupa punguzo, na siku atakayofungua kabati lile aga uondoke. Na kama yupo mwalimu mwingine hapa Mombasa anayefundisha bila kuuza, nambieni. Mpwa wangu anataka kuanza, na kwa huyu simpeleki.