Kisima chetu cha Nira, upande wa Mtama: mbaazi zinaiva, chai haigeuki wino

Napika mbaazi za nazi na maandazi kando ya barabara ya Lindi kwenda Masasi, upande wa Mtama, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Saa kumi alfajiri niko macho, na kitu cha kwanza ninachotafuta si kuni, ni maji. Kisima hiki tumekinywa viangazi viwili vizima sasa, kwa hiyo naweza kukisemea.

Kwa asiyekiona: ni kisima kifupi, mita 12, kimejengwa kwa pete za zege toka chini hadi juu na kufunikwa kabisa. Juu yake kuna pampu ya mkono aina ya Nira, asili yake Ufini. Haina mkono mrefu wa kukandamiza pembeni kama zile tulizozizoea. Unashika mpini wenye umbo la T, unavuta juu, unashusha chini, basi. Fimbo ya ndani ni bomba la plastiki lililozibwa, linaelea, kwa hiyo maji yenyewe yanakusaidia kulinyanyua. Nimehesabu mara nyingi: ndoo ya lita 20 inajaa kwa mivuto 45 hivi. Mwanangu wa darasa la nne anaiweza, na mama yangu aliyepita miaka sabini anaiweza pia, akipumzika katikati.

Sasa mbaazi. Anayepika biashara anajua kuwa maji magumu, yenye chokaa, hayaivishi mbaazi. Unachochea kuni mpaka jasho linakutoka, na punje bado inagonga jino. Kwa maji haya, mbaazi nilizoloweka usiku zinalainika kabla wasafiri wa basi la kwanza hawajashuka. Sabuni inatoa povu kwa kipande kidogo. Na chai inabaki rangi ya chai.

Hilo la chai nalisema kwa uchungu, maana kisima tulichokuwa nacho kabla kilitutesa. Kampuni iliyokuja kukichimba ilifika mwezi wa tatu, mvua zimeshiba, ikapata maji mapema, ikapiga picha, ikaondoka. Mwezi wa kumi pampu ikaanza kutema hewa. Mabomba yake yalikuwa ya chuma, yakashika kutu, na maji yenye chuma yakikutana na majani ya chai yanageuka meusi kama wino. Wateja walirudisha vikombe. Halafu pampu ikafa kabisa. Mabomba yale ni mazito, hayatoki bila mashine ya kunyanyulia na fundi wa mjini, na fundi wa mjini tulimngoja miezi saba. Miezi saba hiyo tulirudi mtoni Lukuledi kufukua mchanga kwa mikono, unachota kwa kata, unangoja shimo lijae tena, unachota. Wanangu wote wawili waliharisha mwaka ule. Mdogo alilazwa siku tatu.

Mjomba wangu ndiye aliyetuokoa kwa maneno yake. Ujanani, miaka ya 1980, alikuwa kibarua kwenye mradi wa maji wa Mtwara na Lindi, ule uliofadhiliwa na Ufini, na wazee wa huku mpaka leo wanaviita visima vile "vya Wafini". Uongozi ulipokubali tuchimbe upya, watu walitaka tuanze mara moja. Mjomba aliniita pembeni: "Mwanangu, waambie wenzio wangoje Novemba. Maji yakiwa chini kabisa, hapo ndipo unamjua rafiki yako." Tukangoja. Tulichimba Novemba 2022, udongo umekauka mpaka umepasuka, na maji tuliyoyakuta wakati ule ndiyo tunayoyategemea kila kiangazi. Ningepewa kuchagua jambo moja tu la kumwambia kijiji kinachojiandaa kuchimba, ningemwambia hilo la mwezi.

Mahali pake palichaguliwa juu ya mteremko, mbali na vyoo kuliko zile mita 30 tulizoambiwa ndizo za chini kabisa. Sakafu ya zege ina mfereji unaopeleka maji yaliyomwagika kwenye migomba, hivyo hakuna tope wala nzi. Kabla hatujaanza kunywa, kisima kilitiwa klorini, kikasukumwa mpaka harufu ikaisha, na sampuli ikapelekwa maabara Mtwara mjini. Majibu yalisomwa mkutanoni: vijidudu vya kinyesi, sifuri katika mililita 100, kama inavyotakiwa kwa maji ya kunywa.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba tunaifungua wenyewe. Julai iliyopita mpini ulianza kuwa mwepesi na maji yakapungua. Jirani yangu, ambaye ndiye mtunza pampu, alikuja na spana zake, tukavuta mabomba nje kwa mikono, wanawake wawili na kijana mmoja. Mpira wa pistoni ulikuwa umelika. Mpya ulikuwepo kwenye sanduku la mhazini. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wanachota.

Sanduku hilo lina fedha kwa sababu ya korosho. Mwanzoni kila kaya ilitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, na ilipofika Machi nusu ya watu hawakuwa na kitu. Sasa tunalipa 12,000 kwa mkupuo baada ya mnada, wakati mtu ana hela mkononi. Mimi wa biashara naongeza 2,000 kila mwezi, na sinung'uniki.

Kasoro zipo. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kituo kimoja kihudumie watu 250, asiwepo wa kutembea zaidi ya mita 400. Umbali tuko sawa, lakini watu tumezidi, na foleni ya asubuhi inaweza kula saa nzima. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja kisima kinafungwa mchana ili maji yarudi. Na aina hii ya pampu ni ya visima vifupi, kama mita 15 hivi. Ndugu zetu wa Newala na Tandahimba, juu kule kwenye uwanda wa Makonde ambako maji yako mbali sana ardhini, wasije wakainunua kwa kusoma maneno yangu.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wachotaji. Maji yanatoka safi bombani, halafu mtu anayapokea kwenye ndoo iliyobebea udongo na kuyafunika kwa majani. Nimeshaligombania hili kikaoni na nitaligombania tena. Ndoo yangu ya maji ya kunywa ina mfuniko, ina kata yake yenye mpini mrefu, na hakuna mkono unaoingia humo.

Tumeomba pampu ya pili upande wa shule, barua iko RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ofisi ya wilaya. Wasafiri mnaotaka kujaza vidumu mnakaribishwa bure, ila njooni baada ya saa nne asubuhi, foleni ikishapungua. Kiangazi kikikaza, kuanzia saa sita hadi saa tisa kuna kufuli.