Kadi ya mkopo hapa Arusha: tarehe ya kufunga hesabu ndiyo siri yake

Naitumia kwa mafuta, supamaketi, tiketi za ndege na vyombo vikubwa vya ndani. Soko la Kilombero, daladala na boda ni pesa taslimu au simu, huko kadi haina kazi.

Kabla ya kusaini, uliza benki mambo mawili: hesabu ya manunuzi ya mwezi inafungwa tarehe ngapi ili upewe taarifa ya deni, na mwisho wa kulipa ni lini. Yangu inafungwa tarehe 20, natakiwa kulipa kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Nikinunua friji Mei 21, inaingia kwenye taarifa ya Juni 20 na nalipa Julai 10: siku 50 bila riba. Friji hiyohiyo nikiichukua Juni 19, nabaki na siku 21 tu. Kwa hiyo manunuzi makubwa nayasogeza hadi siku moja au mbili baada ya kufunga.

Nafuu hiyo ipo ukilipa deni lote. Ukibakiza, benki nyingi huhesabu riba kuanzia siku uliyonunua, na hata manunuzi mapya hukosa zile siku za bure. Chukua friji ya 1,200,000, riba asilimia 3 kwa mwezi, na kiwango cha chini cha kulipa asilimia 5. Utalipa 60,000, lakini 36,000 ni riba. Deni limepungua 24,000 tu. Ndiyo maana unapoweka makato ya moja kwa moja kutoka akaunti ya mshahara, hakikisha umechagua deni lote. Fomu nyingine huwa tayari zimewekwa kiwango cha chini, zisome vizuri. Ukilipa mwenyewe, lipa siku tatu kabla, maana wikiendi na sikukuu huchelewesha.

Usitoe pesa ATM kwa kadi hii. Kuna ada ya kutoa, na riba huanza siku hiyohiyo.

Dukani, uliza kabla kadi haijaingia kwenye mashine kama wanaongeza asilimia. Wakiongeza 3 kwenye friji ile, ni 36,000, sawa na riba ya mwezi mzima! Hapo ni heri kuhamisha kutoka akaunti ya kawaida.

Mtandao ukikatika katikati ya muamala, usikubali kadi ipitishwe tena hapohapo. Angalia SMS na salio kwenye programu ya benki kwanza, kisha omba karatasi ya mashine inayoonyesha muamala umekataliwa. Fedha iliyoshikiliwa kwa kawaida hurudi baada ya siku kadhaa, lakini bila karatasi hiyo utahangaika. Hoteli na wakodisha magari nao hushikilia kiasi cha dhamana, kwa hiyo usiende ukiwa umekaribia kikomo cha mkopo wa kadi.

Ukivuka Namanga kwenda Nairobi, mashine inaweza kukuuliza ulipe kwa shilingi ya Tanzania au ya Kenya. Chagua ya Kenya. Ile nyingine hubadilishwa kwa kiwango chao, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako.

Malipo ya mtandaoni nayafungua kwenye programu wakati wa kununua tiketi tu, kisha nayafunga. Ukiona muamala usioutambua, funga kadi kwanza, ndipo upige simu benki, halafu ujaze fomu ya malalamiko tawini na ubaki na nakala yenye muhuri.