Okidi ndogo Dar: ununue nini cha kuzifungia, kuanzia mpingo mpaka kumbi la nazi

Wadau wa maua, kila mtu akiuliza okidi ndogo aifungie kwenye nini anajibiwa "tafuta kumbi la nazi, funga, basi". Mi sikubaliani kabisa na hilo jibu, kwa hiyo naweka hapa mpangilio wangu, kuanzia kile ningekwambia ununue kwanza mpaka kile ambacho hata ukipewa bure uache. Naongelea zile okidi fupi, mmea mzima hauvuki sentimita 15 hivi, ambazo ukizizika kwenye chungu cha udongo wa bustani zinaoza mizizi hata kabla hujashtuka. Kwao hizi zinaishi juu ya miti, mizizi iko nje inapigwa na upepo, na wala haziunyonyi ule mti, zimeushikilia tu. Mizizi yenyewe imevaa ganda jeupe linalofyonza maji kama sponji halafu linakauka, likiwa kavu lina rangi ya fedha, ukimwagia linageuka kijani hapohapo.

Sasa ndo ujue kwamba ukinunua kibao cha kufungia okidi, unachonunua hasa ni muda ambao ile mizizi itakaa na maji. Na kwa Dar hili ni jambo kubwa kwa sababu hali ya hewa yetu inabadilika vibaya sana: kaskazi ya Desemba mpaka Machi joto linapita nyuzi 30 kila siku, ikija masika mpaka Mei nguo kwenye kamba hazikauki sembuse kumbi, halafu Juni mpaka Agosti kusi inavuma, usiku panashuka mpaka karibu nyuzi 20 na hewa inakuwa kavu kiasi chake. Kibao kizuri ni kile ambacho masika hakikuozeshei, kwa sababu ukame unaweza kuutibu na chupa ya kupulizia ila mzizi uliooza umeoza.

Namba moja kwangu ni mabaki ya mpingo. Nenda Mwenge kwa wachonga vinyago, usiende mbele kwenye maduka, zunguka nyuma wanakochonga, pale utakuta vipande vilivyopasuka au vyenye kona mbaya ambavyo havifai kinyago, elewana nao bei kwa upole maana kwao huo ni mti wa thamani hata ukiwa kipande. Mpingo ni mzito, ukiutupa kwenye maji unazama, mchwa wanahangaika nao, na unakaa miaka bila kuoza, ambayo ndo sababu kubwa, kwa sababu okidi haipendi kuhamishwa hamishwa, kila ukiibandua unakata mizizi iliyokwisha kushika. Chagua kipande chenye mipasuko na uso wa kukwaruza, kikiwa laini mwambie fundi akichane chane na msumeno. Chukua ile sehemu nyeusi ya ndani, ule mti mweupe wa pembeni haudumu hivyo. Na tafadhali, usikubali kipande kilichokwisha kung'arishwa, vingine vinapakwa kiwi ya viatu ili vionekane vyeusi, na mafuta na kiwi si vitu vya kuweka mzizi wa okidi. Ubaya wake ni kwamba mpingo haushiki maji hata kidogo, kwa hiyo kati ya mti na mmea unaweka usumba (zile nyuzi za kumbi la nazi) kidogo sana, tabaka jembamba tu, na bado Januari utamwagia asubuhi na jioni. Kama huwezi, shuka namba tatu.

Namba mbili ni gome la koki, lile la mti unaovunwa zaidi Ureno. Kiukweli kama ingekuwa ni ubora peke yake lingekuwa la kwanza: jepesi, limejaa mabonde ambayo mizizi inayapenda, halinywi maji, haliozi. Ila hapa mjini ni mzigo wa kuagiza, ukilipata unalilipia, na kwa mtu anayetaka kufunga okidi kumi hesabu inakuwa ngumu, wakati mpingo uko hapahapa. Ukipata kwa mtu anayeagiza, hakikisha ni gome lenyewe lenye mgongo wa asili, maana kuna ubao wa koki iliyosagwa na kugandishwa na gundi, ule wa kubandikia matangazo ofisini, huo hapana.

Namba tatu, kigae au gae la chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Hiki ndo nawashauri watu wa Mbagala na Kibaha na popote unakoamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala na kurudi usiku, kwa sababu udongo unakunywa maji asubuhi unayatoa taratibu mchana, na yakiwa yanatoka yanapoza mizizi. Kupima ni rahisi, mwagia maji pale dukani: yakizama kinafaa, yakiteleza kimepakwa kitu. Kwa phalaenopsis ndogo, ile aina ya okidi yenye majani mapana, kigae ni kizuri mno. Tatizo lake ni maji yetu, na hapa naomba msikilize vizuri kwa sababu watu wanalaumu mmea wakati kosa ni la maji: visima vingi vya Dar, hasa huku karibu na bahari, vina chumvi, na kigae kinapokausha maji kinaacha ile chumvi juu yake, utaona utando mweupe wa chumvi unajijenga na ncha za mizizi zinakuwa nyeusi. Kinga maji ya mvua, weka ndoo chini ya bati wakati wa vuli na masika, jaza madumu, funika mbu wasizaliane. Kama huna jinsi ya kupata maji baridi yasiyo na chumvi basi kigae kiache, rudi kwenye mpingo, huo haukusanyi chumvi kama kigae.

Kumbi la nazi, ambalo wengi wanalianza nalo, mi naliweka la nne. Ni karibu na bure, mwombe muuza nazi sokoni atakupa, linakatika kwa panga, na kwa kiangazi linashika maji vizuri. Lakini likitoka moja kwa moja sokoni lina chumvi na ile rangi ya chai, lazima uliloweke, umwage, uliloweke tena siku kadhaa mpaka maji yatoke meupe. Masika likilowa halikauki, linaota kuvu, sisimizi wanahamia ndani na wakishahamia wanaleta na vidung'ata, wale wadudu weupe wanaofyonza mmea, halafu baada ya misimu michache linamomonyoka mkononi na mmea wako ndo kwanza umeshika. Kama ni la kujifunzia sawa, au kwa mmea utakaokaa barazani chini ya paa mvua isikoufikia. Usumba wake ndo wa maana kuliko kumbi zima.

Mkaa, bonge kubwa gumu, unaweza kwa mmea mdogo kabisa, ila unavunjika ukiutoboa. Sina la zaidi hapo.

Vya kuacha: magogo yaliyotupwa na bahari, najua yanapendeza na pale Kigamboni yamejaa, lakini chumvi imeingia mpaka ndani ya mti na kuiosha iishe ni kazi ya muda mrefu mno. Mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kijani, nyingi dawa yake ina shaba, na shaba kwa okidi ni sumu, kwa hiyo hata waya wa shaba wa fundi umeme usifungie. Tawi la muembe linaoza mapema sana.

Kuhusu mmea wenyewe, usinunue kwa ua, nunua kwa ncha ya mzizi. Geuza mmea utafute ncha mbichi za kijani au nyekundu nyekundu zinazoanza kutoka, huo ndo utashika kibao, usio na ncha utakaa umefungwa tu miezi. Kwa joto letu tafuta Phalaenopsis equestris ya Ufilipino, Tolumnia za visiwa vya Karibi, Erycina pusilla. Ukiona mtu anauza Masdevallia au Lepanthes picha nzuri nzuri, hizo ni za misitu ya mawingu milimani Amerika ya Kati na Kusini, mwambao haziwezi. Kuna na zetu, Microcoelia, haina majani ya maana, ni kifurushi cha mizizi na mizizi ndo inayotengeneza chakula kwa mwanga, kwa hiyo hiyo usiifunike na usumba hata kidogo, ila ukimkuta mtu anaiuza imebanduliwa msituni na kipande cha gome la mti, msimnunulie jamani, itakufa kwako na msituni haipo tena. Biashara ya okidi zote kuvuka mipaka inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kuingiza mmea hai nchini kuna vibali vya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, muulize muuzaji karatasi.

Kufunga tumia mshipi wa kuvulia samaki, pale soko la samaki la Feri umejaa, au vipande vya stokingi kama mizizi ni mingi na laini. Kaza mpaka mmea usicheze ukitikisa kibao, maana ukicheza ncha zinasagika. Phalaenopsis ielekeze kichwa chini kidogo ili maji yasilale katikati ya majani, tundika dirisha la mashariki lipate jua la asubuhi, na ule mshipi usiukate mpaka uone mizizi miwili mitatu imeng'ang'ania mti yenyewe.