Tenki la dizeli la lita 90 na la maji la lita 70: miezi kumi na minne na mkonga wangu

Mimi ni mpishi wa kambi. Nawapikia watafiti na wageni wanaolala porini, na gari la jiko naliendesha mwenyewe. Ni Land Cruiser HZJ79, pikapu ya milango miwili, haya tunayoyaita mkonga, yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo. Tenki lake la kiwandani linachukua lita 130 za dizeli. Ukiwa kwenye lami zinakutosha kabisa. Ukiwa na mzigo wa jiko, watu wawili mbele, mchanga wa Engaresero na gia ndogo siku nzima, unaanza kuitazama geji kila baada ya dakika tano.

Njia yangu kubwa ni hii: Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, halafu tunakunja kulia kufuata ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, tunalala pale siku tatu au nne karibu na Ziwa Natron. Kisha tunapanda ukuta wa bonde kwenda Sonjo na Wasso, tunaingia Serengeti kwa kaskazini, tunashuka Lobo na Seronera, na kurudi nyumbani kupitia Naabi na Ngorongoro. Siku tisa, wakati mwingine kumi na moja. Sheli zipo, Wasso ipo na Seronera ipo, lakini nimeshafika sheli nikaambiwa gari la mafuta linakuja kesho, na kesho yenyewe ikawa keshokutwa.

Miaka mingi nilibeba madumu. Dizeli kwenye keria juu, maji nyuma pamoja na vyakula. Kilichonichosha si uzito, ni harufu. Dumu likivuja kidogo tu kwenye kifuniko, dizeli inateremka na mtikisiko, inaingia kwenye turubai, inaingia kwenye gunia. Niliwahi kumwaga kilo 25 za mchele mzuri wa Mbeya pale Engaresero kwa sababu ulinuka mafuta hata baada ya kuoshwa mara sita. Wageni walikula ugali siku zote zilizobaki na hawakulalamika, ila mimi niliumia sana.

Mwishowe niliamua kuongeza matenki mawili chini ya gari, la dizeli na la maji. Kabla ya kueleza kazi niliyoridhika nayo, lazima niseme ya kwanza iliyoniharibikia, maana ndiyo iliyonifundisha cha kuuliza. Karakana ile siitaji. Walinitengenezea tenki la dizeli kwa bati lenye zinki, lile linalong'aa la kuezekea na kutengenezea mifereji. Mimi sikujua. Zinki na dizeli haviendani: vinafanya kitu kama sabuni, kinasafiri na mafuta mpaka kwenye filta na nozeli. Nilibadilisha filta tatu ndani ya miezi minne nikidhani nimeuziwa dizeli iliyochakachuliwa. Fundi pampu aliyefungua nozeli ndiye aliyeniuliza, "Mama, tenki lako ni la bati gani?"

Kosa lao la pili lilikuwa baya zaidi. Mdomo wa kujazia dizeli na mdomo wa kujazia maji waliviweka upande mmoja, vya ukubwa mmoja, vifuniko vya rangi moja. Usiku mmoja kijana wangu, aliyekuwa amechoka na aliyekuwa anataka kunisaidia, akamimina nusu dumu la maji kwenye dizeli. Taa ya filta iliwaka asubuhi, baada ya kilomita chache gari likazima. Tulilala chini ya gari tukimwaga mafuta kwenye sufuria zangu za kupikia, jua la Natron likiwa utosini. Kijana alilia. Nilimwambia, na leo narudia, kwamba kosa halikuwa lake.

Karakana ya sasa iko Unga Limited. Haina bango, watu wanaijua kwa mwembe ulio getini. Ni ya fundi wa makamo na vijana wake wawili, na kazi yao kubwa ni kuchomelea matenki ya maziwa na vyombo vya jikoni za hoteli. Hilo ndilo lililonivuta: mtu anayejua kuchomelea chombo cha maziwa anajua usafi wa ndani wa kiungo. Nilikwenda na daftari langu la maswali. Hakukasirika. Alilala chini ya gari na tochi karibu saa nzima, akapima kwa kamba na kadibodi, akanichorea kwa chaki sakafuni.

Tenki la dizeli amelitengeneza kwa chuma cheusi cha milimita 2, sentimita 100 kwa 45 kwa 20. Hesabu yake inatoa lita 90 kamili, ila yeye mwenyewe alinionya nisijaze mpaka juu, kwa kuwa dizeli hutanuka ikipata joto. Lita 90 zikipanda nyuzi 20, zinaongezeka karibu lita moja na nusu, na zisipopata nafasi zitajitafutia. Ndani ameweka kuta tatu zenye matundu, ili mafuta yasikimbie upande mmoja unapofunga breki au unapokata kona. Chini kuna plagi ya kumwagia maji na uchafu. Hiyo plagi naipenda. Tenki lisilojaa hutoa jasho usiku wa baridi, na Ngorongoro ukingoni kuna baridi kweli. Kila mwisho wa safari nafungua kikombe kimoja, nakitazama kwenye glasi. Mara mbili nimeona maji chini ya glasi, kidogo, lakini yalikuwemo.

La maji ni la stenlesi ya milimita 1.5, daraja la 304, lita 70, refu na jembamba, limelala sambamba na chesisi mbele ya tairi la nyuma. Aliniambia niende naye dukani kununua karatasi ya stenlesi, kwa sababu sumaku peke yake haithibitishi kitu: kuna stenlesi ya bei rahisi nayo haishiki sumaku, ila inapata kutu. Alichomelea kwa gesi ya agoni, kisha viungo akavisafisha kwa asidi mpaka ile rangi ya bluu na kahawia iliyoachwa na moto ikatoka yote. Hapo ndipo wengi wanapofanya haraka, na hapo ndipo kutu huanzia. Matenki yote mawili aliyatia upepo kidogo na kuyapaka povu la sabuni mbele yangu. La dizeli lilitoa kiputo kimoja kwenye kona. Akalirudia pale pale, bila maneno.

Sasa jambo ambalo ningetaka kila mwenye mkonga alisikie: namna ya kulifunga. Chesisi ya gari letu inajipinda. Ukipita korongo tairi moja likiwa juu na jingine shimoni, ukisimama pembeni utaona bodi ya nyuma na kabini vinatazama pande tofauti. Tenki lililofungwa kwa bolti nne ngumu kwenye chesisi linapindishwa pamoja nayo, na linachanika kwenye kiungo. Lile la kwanza lilichanika hivyo hivyo. Huyu fundi ameyalaza matenki kwenye kitanda cha chuma chenye mikanda iliyotandikwa raba, na kitanda chenyewe kimeshikwa sehemu tatu, si nne. Meza ya miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Alinieleza kwa kigoda kilichokuwa mbele yetu. Baada ya miezi kumi na minne, yakiwemo mawimbi ya barabara ya Mto wa Mbu hadi Engaresero yanayong'oa hata skrubu za dashibodi, sina ufa hata mmoja. Raba mbili tu ndizo zimelika, nimezibadilisha mwenyewe.

Dizeli haiendi kwenye injini moja kwa moja kutoka tenki la pili, yaani hili nililoongeza. Inasukumwa na pampu ndogo ya volti 12 kwenda tenki la kwanza, lile la kiwandani, kupitia filta yake. Nilikuwa nataka koki ya kubadilisha, kama ya pikipiki, akanikatalia kwa sababu ya maana: injini ya dizeli inarudisha mafuta ambayo haikuyatumia. Ukibadilisha mpira wa kwenda ukasahau wa kurudi, unavuta tenki moja na kujaza jingine mpaka linamwagika barabarani. Kwa pampu, ninachotakiwa kukumbuka ni kuizima. Swichi ina taa nyekundu, na nimejiwekea sheria: sihamishi mafuta mpaka tenki la kwanza liwe chini ya robo, na nahamisha nusu nusu.

Midomo ya kujazia sasa iko pande mbili za gari. Dizeli kulia, kifuniko cheusi chenye ufunguo. Maji kushoto, mdomo mwembamba ambao bomba la sheli haliingii hata ukilazimisha, kifuniko cha bluu. Hiyo niliidai mimi, na fundi aliongeza wazo lake la kupaka neno MAJI kwa herufi kubwa nyeupe.

Na maji yenyewe? Mimi ni mpishi, kwa hiyo kipimo changu ni chai ya rangi isiyo na sukari. Siku ya kwanza nilijaza tenki, nikatia mililita 100 za Jik isiyo na manukato, nikaacha kwa muda wa saa nne, nikamwaga na kusuuza mara tatu. Sikuiacha ilale humo, klorini ikikaa sana inakula hata stenlesi. Chai ya kwanza ilikuwa na harufu ya mbali ya mpira, kwa sababu paipu ya kwenda kwenye koki ilikuwa ya kawaida ya bustani. Nilirudi, akaibadilisha kwa paipu ya maji ya kunywa bila kunidai. Tangu hapo chai ni chai.

Maji haya ni ya kunywa na kupikia tu, kuoga na vyombo tunatumia ya mtoni. Mtu asiyekaa ukanda ule anaweza kuuliza kwa nini nabeba maji wakati mto wa Engaresero unatiririka mweupe kutoka ukutani. Ukanda wote wa volkano una floridi nyingi sehemu nyingi, tumekua tukiiona kwenye meno ya kahawia ya watoto wa Meru na Arusha. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi kukolea. Kwa hiyo nabeba kutoka kisima kilichopimwa.

Uzito msiupuuze. Dizeli lita 90 ni kama kilo 76, maji kilo 70, vyuma vyenyewe karibu 40. Jumla ni watu watatu wazima waliojificha chini ya gari, hawashuki kamwe. Nilisoma kibao cha uzito mlangoni, nikaondoa keria na madumu yake, nikaongeza jani moja kwenye springi za nyuma. Gari limetulia kuliko lilipobeba mafuta juu. Kwenye miteremko ya kutoka Sonjo naliona tofauti kwenye usukani.

Yasiyonifurahisha yapo. Alichelewa siku nne, na nilikuwa na safari, ikabidi nikodi gari. Mpira wa kupumulia wa tenki la dizeli alikuwa ameweka mwembamba mno: mafuta yalirudi na kuniruka mkononi kila nilipojaza, vijana wa sheli wakanichukia. Ameubadilisha, lakini angeweza kuligundua kabla sijatoka getini. Geji ya tenki la pili hudanganya gari likiwa mteremkoni, naisoma nikiwa tambarare tu. Na kona ya mbele ya tenki la maji iko chini kuliko ningependa. Imegusa jiwe mara moja kwenye korongo, sahani ya chuma ya milimita 3 iliyowekwa chini yake ikapokea pigo, ina mkwaruzo wa urefu wa kiganja. Bila sahani hiyo ningepoteza lita 70 mchangani. Kama anakutengenezea wewe, mwambie apunguze sentimita 3 kwenye kimo hata kama utapoteza lita kumi.

Bei niliyolipa: milioni moja na laki mbili kwa la dizeli pamoja na pampu na waya, milioni moja na elfu hamsini kwa la maji pamoja na koki. Jani la springi nililipia kwingine. Nilipewa rangi ya kuzuia kutu juu ya chuma cheusi, na makubaliano kwamba nirudi baada ya safari ya kwanza kukazwa nati zote. Nilirudi. Nati mbili zilikuwa zimelegea, akazikaza na kuzitia alama ya rangi nyeupe ili nione zikihama. Kila asubuhi, maji ya chai yakiwa jikoni, nainama na tochi na kuziangalia zile alama. Mpaka Jumapili iliyopita, tulipotoka Wasso, zote zilikuwa pale pale.